Tawanya Lilikuwa Neno la Taa

Nilitamka neno moja, "tawanya", nikiwa juu ya ngazi, na ukumbi mzima wa Makambako ukatawanyika. Kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa tatu. Walinzi waliokuwa mlangoni wakaingia na fimbo, wakaanza kuwatoa watu nje kama mtu anavyotoa mbuzi kwenye mahindi. Walianza na safu ya mbele, yaani wazee wa kanisa na wake zao. Safu ya pili alikuwepo mama mkwe wangu, amefunga khanga juu ya sweta. Alipopita chini ya ngazi yangu aliinua uso akaniangalia, akasema, "Mkwe, tumekukosea nini?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa sijui kinachoendelea. Sasa najua. Ndiyo maana naandika.

Naitwa Skolastika. Ninyi vijana mnaofunga taa za jukwaani Njombe na Makambako mnanijua kama Mama Tawanya, na mnadhani ni jina la utani nililopewa kwa mapenzi. Kazi nimeiacha. Hakuna aliyenifanyia sherehe ya kuniaga. Watu waliacha kuniita, na goti langu likakubaliana nao. Nitawaeleza kazi hii nilivyoikuta na nilivyoiacha, mpate cha kujifunza, kisha kuna mtu nataka ajibu. Nikimfikia nitamtaja kwa jina. Na wengine wawili nitawataja njiani, kwa sababu hawakumzuia.

Shule niliishia la saba. Nilikuwa nauza chai na maandazi nyuma ya ukumbi mmoja pale Njombe mjini, na mteja wangu wa kila siku alikuwa Mzee Otmari, fundi wa taa wa Bwana Gaudensi, yule mwenye kukodisha maspika, taa na viti. Mzee Otmari ni mtu wa Mawengi, mpole, mwenye vidole vilivyoungua mpaka havisikii moto. Alikuwa anashika kikombe cha chai kilichotoka jikoni kama mtu anayeshika yai. Asubuhi moja msaidizi wake hakutokea. Akaja kwangu.

"Mama, unaogopa ngazi?"

"Naogopa njaa."

"Basi panda."

Nikapanda na aproni yangu ya maandazi. Somo la kwanza alilonipa ni kuvua kila kitu mfukoni kabla ya kupanda, maana funguo zikianguka kutoka juu ya jukwaa zinajua kutafuta kichwa cha mgeni rasmi. La pili, waya wa usalama unafungwa kabla ya skrubu, hata kama unaharakishwa na nani. La tatu ndilo lililonikaa: "Wanaimba wote, waonekane wote. Ukimwacha mmoja gizani, mama yake yupo ukumbini."

Taa za wakati ule zilikuwa za balbu kubwa, zenye joto la jiko. Mwanga wake ulikuwa mpana, unamwagika kama chai kwenye meza, hauchagui mtu. Tukiweka karatasi ya rangi mbele yake, baada ya muda karatasi inakunjamana na kunukia kama mkaa. Lakini Juni ya Njombe mnaijua. Waimbaji walikuwa wanagombea kusimama chini ya taa si kwa sababu ya kuonekana, ni kwa sababu ya baridi. Mke wa mchungaji mmoja alituletea nepi za mjukuu wake tuzianike juu ya taa, maana mvua ilikuwa haijakatika. Mzee Otmari alikataa. Kesho yake mvua ikaendelea, akakubali, akasema lakini tuziondoe kabla ya ibada. Nepi moja tuliisahau. Iliimbiwa wimbo mzima.

Sasa nimfikie mtu wa kwanza. Bwana Gaudensi alisafiri, akarudi na taa mpya za LED. Nyepesi, hazichomi mkono, umeme zinakula kidogo, zinabadilika rangi zenyewe. Sikatai, ni taa nzuri. Ila alizinunua kama mtu anavyonunua tochi. Kwetu huku tochi inapimwa kwa umbali inaofika, kwa sababu unataka kujua nani yuko ng'ambo ya bonde na anafanya nini na ng'ombe wako. Bwana Gaudensi alituita sote nyuma ya nyumba yake jioni, akawasha taa moja ya jukwaani, akaielekeza ng'ambo. Ikafika. Tukamwona ng'ombe wa jirani waziwazi, mmoja, kichwa tu.

"Mnaona?" akasema. "Inafika ng'ambo."

Mzee Otmari akamuuliza, "Kwaya itasimama ng'ambo?"

"Mzee, wewe umezoea vitu vya zamani."

"Basi yule ng'ombe umeona kichwa. Mkia uko wapi?"

Bwana Gaudensi akaizima taa, akaingia ndani. Mwisho wa msimu ule Mzee Otmari alirudi Mawengi kulima viazi, akaniachia plaizi yake na hilo swali la mkia.

Jibu tulilipata kwenye kwaya ya kwanza. Zile taa zina lenzi ndogondogo zinazobana mwanga. Ukiiweka mbali, sawa, lakini sisi kumbi zetu ni fupi, taa iko karibu na mtu kuliko jirani yake. Basi kila taa ikatoa duara kama sahani, na nje ya sahani giza. Mwimbaji mmoja anawaka kama malaika, wa kulia kwake haonekani, wa kushoto inaonekana pua. Ubeti wa pili walianza kusogea. Kila mmoja anataka kuingia kwenye sahani. Mpaka wimbo unaisha walikuwa wamejirundika mafungu mafungu kama vifaranga, na katikati ya jukwaa hakuna mtu. Mama mmoja alinifuata kwenye vyombo akaniambia, "Mwanangu ameshona sare. Ulimweka wapi?"

Halafu na rangi. Ndani ya taa moja mna vitaa vyekundu, vya kijani na vya bluu, kila kimoja na kivuli chake. Kwenye harusi moja Wanging'ombe, bibi harusi alisimama mbele ya ukuta mweupe, nyuma yake vikatokea vivuli vitatu vya rangi tatu. Bibi yake bwana harusi akauliza kwa sauti ukumbi mzima usikie, "Na hawa wengine nao tumewatolea mahari?"

Nilikwenda kwa Bwana Gaudensi kumwambia taa zinabana mno. Akaniambia nizipeleke nyuma. Nikamwambia nyuma kuna ukuta. Akasema basi nijitahidi. Huyo ndiye Gaudensi. Neno "jitahidi" analitumia kama wengine wanavyotumia nyundo.

Dawa niliipata kwa mama mkwe. Yeye ana kitalu cha miche ya parachichi, na kitalu kile kimeezekwa kwa nailoni. Nailoni mpya inapitisha jua moja kwa moja, lakini ya zamani, iliyokaa juani msimu baada ya msimu, inakuwa nyeupe kama maziwa yaliyozidishwa maji. Siku moja nimeinama namsaidia kupanga miche nikaona kivuli changu hakipo. Mwanga ulikuwa umeenea kila mahali, laini, hauna mwanzo. Nikasimama pale kama mjinga. Mama mkwe akaniuliza kama ninaumwa mgongo. Nikamwambia, "Mama, naomba kipande cha hii nailoni." Akanikatia kile cha pembeni kilichochanika, akasema nikimaliza nirudishe, maana yeye hatupi kitu.

Sikilizeni vizuri hapa, vijana. Kata kipande kinachoenea mbele ya taa yote, kibane kwenye fremu ya bati, usikibane moja kwa moja kwenye lenzi. Acha nafasi ya vidole viwili hivi. Mwanga ukipita pale unapasuka, unapanuka, zile rangi tatu zinachanganyika kabla hazijamfikia mtu, na kivuli kinabaki kimoja, tena hafifu. Sahani inakuwa sinia. Ukiweka nailoni mbili inapanuka zaidi lakini nguvu inapotea, watu wanakuwa kama wanaonekana kwenye moshi wa jikoni. Moja iliyochakaa vizuri inatosha. Taa za zamani zingeiyeyusha, hizi hazina joto hilo. Ndilo jema lao, na nalo Bwana Gaudensi alikuwa halijui.

Baadaye tulipata filta za dukani, zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Kuna nyeupe tu, na kuna yenye mistari. Ile yenye mistari msiidharau. Inapanua mwanga upande mmoja, na upande wenyewe ni ule unaokata mistari. Mistari ikisimama wima, mwanga unalala kulia na kushoto, kwaya nzima inapata. Ukikosea ukailaza, mwanga unakwenda juu na chini. Kastori aliilaza siku moja, tukaangaza dari na viatu. Kwaya ikaonekana kama viatu vinavyoimba.

Kastori ndiye mwenzangu wa kazi, mtu mzima, mnene, mwaminifu. Amekaa karibu na maspika maisha yake yote, kwa hiyo sikio moja limekufa na la pili linasikia likitaka. Mimi nilikuwa nakaa upande mmoja wa jukwaa juu ya ngazi, yeye upande wa pili na fremu zake. Wimbo wa mtu mmoja unataka mwanga mwembamba, wimbo wa wote unataka mpana, basi fremu zilikuwa zinaingia na kutoka. Tukahitaji neno fupi. "Panua" alikuwa anasikia "Zima", akazima. "Weka" alikuwa ananiuliza nini. Tukajaribu "tawanya", yaani weka filta, tawanya mwanga, akaisikia kila mara. Na kuondoa filta tukasema "kusanya". Tawanya, kusanya. Miaka na miaka hakuna aliyekimbia.

Mtauliza kwa nini tusitumie mikono. Tulitumia. Mimi nilikuwa nanyoosha mikono yote miwili kuonyesha tawanya. Kwaya moja ikadhani mimi ndiye mwalimu wao mpya, wakaibeba ile noti wakaishikilia, wanasubiri niiteremshe. Mimi nasubiri Kastori aweke fremu. Sauti ya pili walianza kuishiwa pumzi mmoja mmoja. Mwalimu wa kwaya alinifuata akaniambia kwa heshima zote, "Dada, jukwaani mikono ni yangu." Toka hapo tukabaki na mdomo.

Sasa Makambako. Ilikuwa uzinduzi wa albamu ya kwaya, mchana wa Jumapili, ukumbi umejaa. Ili taa zionekane tuliziba madirisha kwa mablanketi tuliyoazima kwa waumini. Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Mlangoni walikuwepo walinzi wa kukodi, mkuu wao Lutengano, mtu wa pili wa kutajwa humu. Lutengano aliwahi kuwa mgambo, akaacha, lakini bado anataka aitwe Kamanda. Nilimsikia mwenyewe asubuhi akiwapanga watu wake. Aliwaambia kuna vijana wasio na kadi wanaweza kuleta fujo, na kwamba amri itatoka kwenye spika. "Mkiisikia, msisubiri ya pili." Nadhani alikuwa ameingoja amri tangu aache mgambo, na ilikuwa haijaja.

Na mshereheshaji alikuwa Asheri. Huyu ndiye niliyesema nitamfikia.

Asheri ni kijana wa suti, maneno matamu, anakuita dada huku anaangalia aliye nyuma yako. Wimbo wa tatu ulipoanza alimwona mgeni rasmi anamwita kwa kidole. Mgeni rasmi anasalimiwa kwa mikono miwili, na Asheri mkono mmoja una maiki. Akaja chini ya ngazi yangu. Mimi mkono mmoja uko kwenye taa, wa pili kwenye ngazi. Nilikuwa nimevaa koti zito la baridi lenye mfuko mkubwa kifuani. Akapanda kidato kimoja akaitumbukiza maiki mfukoni mwangu.

"Asheri, hiyo inawaka."

"Nimezima, dada. Nishikie kidogo tu."

Maneno yake ni hayo. Nimezima, dada. Nayakumbuka kama sala.

Wimbo wa tatu ulianza na mtu mmoja, taratibu, kisha kwaya nzima inaingia. Kwaya ilipovuta pumzi, nikamwambia Kastori, "Tawanya." Sauti yangu ikatoka kila spika ya ukumbi ule, nzito kuliko ya mchungaji. Huku nyuma ya maspika, kwaya ikiwa imeingia, sikuitambua; nikadhani Kastori hajasikia, nikarudia kwa nguvu. "Tawanya, tawanya wote." Maana yangu taa zote.

Lutengano alipiga saluti. Nawaambieni nilimwona. Akapiga saluti kuelekea spika, watu wake wakaingia.

Mengine nimeshayasema. Mbele wazee, safu ya pili mama mkwe na swali lake. Mimi nikadhani taa imeshika moto nyuma yangu, na nikawaza watu hawaoni njia, wanahitaji mwanga mkali mlangoni. Kwa hiyo nikasema, "Kusanya. Kastori, kusanya haraka."

Wazee wa sadaka walikuwa wamefundishwa kwamba sadaka itatangazwa baada ya wimbo wa tatu. Wakachukua vikapu wakasimama mlangoni. Nusu ya walinzi nao waliokuwa nje wakasikia kusanya, wakaanza kuwarudisha ndani watu ambao nusu nyingine ilikuwa inawatoa. Mlango mmoja, amri mbili, na vikapu vya sadaka katikati. Mzee mmoja alitolewa, akarudishwa, akatolewa, na kila akipita kwenye kikapu alikuwa anatoa, kwa sababu hakutaka matatizo na mtu.

Nje upepo wa Makambako ulikuwa kazini. Watu wakang'oa mablanketi madirishani wakajifunika. Sauti ya nne yote ilipanda basi lililokuwa linaondoka, ikapiga simu kutoka Njombe kuuliza kama ni salama kurudi. Mgeni rasmi alikutwa amekaa ndani ya lori la mbao zake, vioo amepandisha, akitaka kuhutubia kutokea humo.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Kastori alitokeza kichwa upande wa pili, fremu zote ameshaziweka, jasho linamtoka.

"Nimetawanya, mama," akasema. "Inatosha, au niongeze nyingine?"

Na kwa kuwa mablanketi yalikuwa yameondoka, mchana uliingia kwenye vile vioo vya vumbi, mwanga laini, sawasawa kona hadi kona, hakuna sahani, hakuna kivuli. Sijawahi kuona jukwaa limeangazwa vizuri namna ile. Hakukuwa na mtu juu yake.

Kesho yake kamati ya uzinduzi iliketi. Asheri akasimama, akasema alinipa maiki imezimwa, mimi ndiye niliyeiwasha.

Nikauliza, "Niliwasha kwa kitu gani, mkono mmoja una taa na wa pili una ngazi?"

"Labda kwa kidevu," akasema Asheri.

Watu wawili watatu wakainamisha videvu vyao kujaribu. Mmoja akasema inawezekana, ukiwa na shingo fupi. Wakaniangalia shingo.

Lutengano akasema yeye alipokea amri, na amri ilikuwa ya sauti ya kike, yenye mamlaka. Bwana Gaudensi akasema yeye alishaniambia nijitahidi. Asheri akazungumza tena, vizuri sana, maana kuzungumza ndiyo kazi yake, na kamati ikaamua nisitumike tena. Halafu mimi ni Mkatoliki, kwaya ilikuwa ya Kilutheri, ya kanisa la mume wangu. Basi maneno yakapata njia. Ikasemwa nilikuwa na kinyongo tangu ndoa, nikangoja niwapate wote mahali pamoja, nikawatoa nje kwenye upepo kuanzia upande wa mama mkwe.

Kazi inauma, lakini ningeizoea. Hili la mama mkwe ndilo sijalizoea. Hajanigombeza hata siku moja. Tukikutana ananisalimia kwa salamu yetu ya huku, "Kamwene", namjibu "Kamwene", ananipita. Akija kwangu haingii ndani, anakaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaongea na mwanawe, anaondoka. Kitaluni amefunga mlango kwa waya. Nilimrudishia kile kipande cha nailoni nimekifua na kukikunja. Alikipokea, akakiweka kwapani, akasema, "Kumbe kilikuwa cha kazi hii."

Asheri kisa hiki amekifanya kichekesho. Anakisimulia kwenye harusi kabla ya keki, na mimi anaigiza kwa kidevu. Nimesikia sasa kwaya ileile inazindua albamu nyingine, ukumbi uleule, na mshereheshaji ni yeye. Taa mtafunga ninyi. Mistari isimame wima, msisahau, na neno lenu la kazi lisiwe langu. Mama mkwe ameshapata kadi, atakuwa safu ya pili.

Kwa hiyo Asheri, nakuuliza mbele ya hawa vijana. Gaudensi alinunua tochi, Lutengano alipigia saluti spika, hayo ni mambo yao na kila mtu ameyaona. Lako hakuna aliyeliona isipokuwa mimi na wewe kwenye kidato cha kwanza cha ngazi. Kabla wimbo wa tatu haujaanza, simama, mwangalie yule mama kwenye safu ya pili, umwambie ni nani aliyesema "Nimezima, dada." Yeye ndiye aliyeuliza, mimi nimeshindwa kumjibu. Mjibu wewe, kwenye maiki, ikiwa inawaka. Kuiacha inawaka unajua.